Shajara ya Mradi: Gwaride la Harufu ya Binadamu, Dodoma

Juni: chumba, mabomba na maji

Chumba cha kazi kimekamilika upande wa Nzuguni, mbali kidogo na barabara kuu ya Morogoro. Ni mita 9 kwa 5, sakafu ya saruji iliyolainishwa na kupakwa rangi ya epoksi. Vigae tulivikataa: mistari kati ya kigae na kigae hunywa mate na mkojo wa mbwa, na harufu ikishazama humo haitoki kwa kupiga deki. Madirisha yamezibwa kwa silikoni. Upepo wa kiangazi hapa huja na vumbi, na pamoja na vumbi huja moshi wa mkaa kutoka majiko ya jirani, nao hung'ang'ania kwenye pamba kuliko kitu kingine chochote. Kuna milango miwili. Mmoja ni wa mbwa na mwongoza mbwa, wa pili ni wa mpangaji wa safu. Watu hawa wawili hawakutani siku ya kazi, hata kwa salamu. Sababu zake ziko kwenye maelezo ya Septemba.

Kwa anayeanza kusoma hapa, kazi yenyewe ni hii. Mbwa ananusishwa harufu iliyochukuliwa kwenye kielelezo, tuseme mpini wa panga. Kisha anapita kwenye safu ya mabomba 7 yaliyoshikwa na watu 7 tofauti, mmoja wao akiwa mtuhumiwa. Akikuta harufu inayolingana na ile aliyonusishwa, analala mbele ya bomba hilo. Asipoikuta, anarudi mlangoni, na hilo nalo ni jibu kamili.

Mabomba ni ya stenlesi, urefu sentimita 10, kipenyo sentimita 2, yote yamekatwa na fundi mmoja kutoka bomba moja na ncha kupigwa msasa sawasawa. Ukichanganya kazi ya mafundi wawili, mbwa anaweza kujifunza harufu ya mafuta ya kukatia chuma badala ya harufu ya mtu, nawe ukafurahia maendeleo ambayo hayapo. Stenlesi inachemshika na kuokeka. Plastiki hunyonya harufu na kuitoa polepole kwa wiki nyingi. Mbao ndiyo usiiguse kabisa.

Kusafisha: sabuni ya maji isiyo na manukato na brashi, suuza mara tatu, chemsha dakika 30, oka nyuzi 150 kwa saa 1, acha yapoe ndani ya oveni, kisha yahamishe kwa koleo hadi kwenye chupa za kioo zenye mfuniko wa chuma. Hatua inayoleta taabu hapa mjini ni suuza ya mwisho. Maji ya visima vya Makutupora ni magumu. Yakikauka huacha ukoko mweupe kwenye chuma, na ukoko huo una vinyweleo vinavyohifadhi harufu ya mtu aliyetangulia. Kwa hiyo suuza ya mwisho ni kwa maji ya betri, yale yaliyotoneshwa yanayouzwa kwenye vituo vya mafuta. Soma lebo kabla ya kulipa, kwa sababu dumu linalowekwa karibu nalo mara nyingi ni asidi. Kukausha juani nje ni marufuku.

Julai: kuchukua harufu kwenye kielelezo

Tunatumia gozi ya pamba ya hospitali, vipande vya sentimita 10 kwa 10, isiyo na dawa. Gozi iliyotakaswa vijidudu bado inaweza kunuka mikono ya aliyeifungasha. Kila kipande kinaokwa nyuzi 105 kwa saa 1 kabla ya kufungiwa kwenye chupa. Ukipandisha joto kupita kiasi pamba huanza kuungua, na pamba iliyoungua ni harufu mpya uliyoitengeneza mwenyewe.

Utaratibu kwenye kielelezo:

Vaa glavu za nitraili, jozi mpya kwa kila kitu, kwani mpira wa kawaida una harufu kali. Shika gozi kwa koleo, siyo kwa vidole vilivyovaa glavu. Iweke juu ya sehemu iliyoshikwa: mpini, usukani, ukosi wa shati, kiti. Ifunike kwa foili ya aluminiamu, ubandike kingo zake, uache dakika 30 au zaidi. Usifute. Kufuta hukusanya uchafu mwingi na harufu kidogo, tena kunaharibu alama za vidole. Toa gozi, itie chupani, funga, bandika lebo yenye saa, mahali, joto la hewa na jina la aliyechukua. Chukua mbili kwa kila kielelezo ili moja ibaki bila kufunguliwa.

Halafu kuna gozi tupu, ambayo wengi huiruka. Fungua chupa moja eneo la tukio, acha gozi yake ikae hewani muda uleule bila kugusa kitu, kisha ifunge. Mbwa akinusishwa gozi hiyo na bado akachagua bomba fulani kwenye safu, basi kuna harufu ya mahali pale inayoshabihiana na bomba hilo, na zoezi zima linasimama.

Kuhusu mpangilio na wapelelezi wengine: picha kwanza, harufu pili, vinasaba na alama za vidole baadaye. Poda ya alama za vidole ikishapigwa, harufu imeharibika. Lakini gozi inayogusa mpini moja kwa moja inaweza kuondoka na chembe za ngozi ambazo Mkemia Mkuu wa Serikali angezihitaji kwa vinasaba. Panapokuwa na matumaini ya kupata vinasaba, tunapisha. Vinasaba vinapimika na kurudiwa na maabara nyingine. Pua ya mbwa hairudiwi kwa namna hiyo. Tunaona vibaya pale kitengo kinaposhindania kielelezo kwa ajili ya heshima yake.

Mwisho wa ukurasa huu, orodha ya waliogusa. Kila askari, kila mjumbe wa mtaa, kila jirani aliyeokota kile kitu lazima aandikwe. Mbwa hulinganisha harufu yoyote ya mtu iliyo kwenye gozi. Aliyegusa panga wakati wa kuliokota hawezi kuwekwa kwenye safu kama mtu wa kujazia, yaani asiye mtuhumiwa anayejaza safu, maana mbwa akimchagua atakuwa sahihi na sisi tutamwandika amekosea.

Bado Julai: watu wa kujazia

Sehemu hii inastahili nafasi kubwa kuliko mafunzo ya mbwa, kwa sababu hapa ndipo mtu asiye na hatia anaweza kuponzwa bila yeyote kukusudia.

Harufu ya mtu huja kwa tabaka. La ndani hutokana na mwili wenyewe na halibadiliki sana. Mwaka 2011 watafiti wa Chekia walionyesha kwamba mbwa 10 waliofunzwa vizuri waliweza kutenganisha hata mapacha wa kufanana wanaoishi nyumba moja na kula chakula kilekile. La pili ni la maisha: chakula, moshi wa kuni, mifugo, tumbaku, dawa. La juu ni sabuni, mafuta, manukato. Mbwa hufunzwa kufuata la ndani, ila akipewa njia ya mkato ataipita.

Sasa fikiria mtuhumiwa aliyelala mahabusu siku tatu, mfugaji wa Bahi anayevuta tumbaku na kupikiwa kwa kuni. Ukimpanga na makarani sita walioogea sabuni ya manukato asubuhi hiyo, umempanga peke yake. Bomba lake litapiga kelele kwenye pua ya mbwa hata kama hajawahi kuliona lile panga. Kanuni ya gwaride la utambulisho la kawaida kwenye maelekezo ya jumla ya polisi, PGO 232, inataka watu wanaofanana na mtuhumiwa kwa umri, urefu, sura na hali ya maisha. Tumeihamisha kwenye harufu. Watu wa kujazia wawe jinsia yake, umri wa karibu, maisha ya karibu, na wawe wamekaa mahali pamoja naye au pafananapo kwa saa kadhaa kabla. Mtumiaji wa ugoro apangwe na watumiaji wa ugoro. Ndugu wa damu wa mtuhumiwa asiwemo.

Wote wananawa kwa sabuni ileile isiyo na harufu, wanasuuza, wanakausha mikono hewani. Wote wanashika mabomba dakika 5, siku ileile, chumba kilekile, mabomba mawili kila mmoja. Bomba la mtuhumiwa likiwa la leo na ya wengine ya wiki iliyopita, mbwa atachagua jipya. Mtuhumiwa pia huwa na jasho la hofu ambalo wengine hawana, na hilo hatuna dawa yake kamili. Kinga tuliyo nayo ni safu tupu, nitaielezea.

Agosti: mafunzo

Mbwa wawili, Zabibu na Tembe, wote wa aina ya Malinois, mbwa wa kazi wa Ubelgiji. Tulianza na mabomba mawili: moja safi kabisa, moja lililoshikwa na mtu. Kisha mawili ya watu tofauti, kisha matatu, hadi 7. Anayetaka matokeo ya haraka atarukia 7 mapema, na mbwa atajifunza kubahatisha. Mafunzo kamili huchukua mwaka mmoja hadi miwili.

Ngazi inayowashinda mbwa wengi ni kubadilisha sehemu ya mwili. Utafiti wa Brisbin na Austad wa mwaka 1991 uliwakuta mbwa waliofunzwa kwa harufu ya mkono wakishindwa kuitambua harufu ya kiwiko cha mtu yuleyule. Hili ni kubwa kivitendo: kielelezo chaweza kuwa kofia au kiti, na bomba limeshikwa kwa kiganja. Kwa hiyo ratiba ya sasa inazungusha kiganja, kunja ya kiwiko, shingo na kiuno, tangu mwanzo, badala ya kuzoesha kiganja kwanza na kuhangaika baadaye. Baada ya hapo ndipo unaongeza umri wa harufu: ya saa moja, ya jana, ya wiki, ya mwezi.

Zabibu ana mwelekeo wa kuchagua bomba la tano na la sita anapochoka. Tabia hii ni ya kawaida na hutokana na bahati ya mpangilio wa siku za mwanzo. Tiba yake ni dadu kwa kila safu, pamoja na kumbukumbu ya nafasi alizochagua zikiwemo alizokosea. Usipoandika makosa huwezi kuuona mwelekeo. Tembe yeye hunusa haraka mno na kupita mabomba mawili kwa mkupuo mmoja. Kuongeza nafasi kati ya mabomba kutoka sentimita 40 hadi 80 kulimpunguza kasi.

Zawadi ni mpira. Tatizo la zawadi ni kwamba kwenye kesi halisi hakuna anayejua jibu, hivyo hakuna wa kumpa mpira kwa haki. Mbwa aliyezoea kulipwa kila mara atavurugika, na mwongoza mbwa atashawishika kumlipa kwa bomba analolidhania. Panya buku wa APOPO, shirika linalofunza panya kunusa pale Morogoro, wanafanyia kazi makohozi ya kifua kikuu kwa njia iliyolitatua hili: kati ya sampuli zisizojulikana huchanganywa nyingine ambazo tayari zinajulikana kuwa na ugonjwa, na zawadi hutolewa kwa hizo tu. Sisi tunafanya hivyo kwa mtu wa kipimo, ambaye bomba lake limo ndani ya kila safu. Kabla ya harufu ya kielelezo, mbwa ananusishwa harufu ya mtu huyo na lazima ampate. Analipwa hapo. Akimkosa, kazi ya siku hiyo imekwisha kwa mbwa huyo.

Septemba: nani anajua nini

Tatizo kubwa la njia hii duniani halijawahi kuwa pua. Mwaka 1907 Oskar Pfungst alionyesha huko Berlin kwamba farasi aliyesifika kwa kujua hesabu alikuwa akisoma mabadiliko madogo ya mwili wa muulizaji, bila muulizaji mwenyewe kujua. Mwaka 2011, huko California, mbwa 18 na waongozaji wao waliingizwa kwenye vyumba visivyo na dawa za kulevya wala baruti yoyote, ila waongozaji waliambiwa ipo. Taarifa za uongo zilikuja nyingi, hasa pale walipoonyeshwa alama ya karatasi. Huko Uholanzi ilibainika mwaka 2006 kwamba kwa miaka mingi baadhi ya waongoza mbwa walijua bomba la mtuhumiwa limewekwa nafasi ipi, kinyume cha utaratibu wao ulioandikwa vizuri. Kesi nyingi zikaingia shaka.

Kwa hiyo chumba kinaendeshwa hivi:

Mpangaji wa safu anarusha dadu peke yake, anaandika nafasi kwenye karatasi, anaitia kwenye bahasha na kuifunga kwa lakiri. Namba ya dadu inaamua mtuhumiwa akae nafasi ipi. Yupo aliyeuliza kwa nini dadu ya pande 6 kwa mabomba 7, na jibu ni kwamba mtu wa kipimo ana nafasi yake inayochaguliwa kwanza kwa karatasi 7 za kuokota, na 6 zinazobaki ndizo za dadu. Anapanga mabomba yote kwa mwendo mmoja, akisimama muda sawa mbele ya kila kishikio na kutumia koleo tofauti kwa kila bomba. Akirudi kurekebisha bomba moja tu, safu inavunjwa na kupangwa upya, kwa sababu mbwa husoma nyayo zake. Anatoka kwa mlango wake na haonekani tena.

Mwongoza mbwa anaingia dakika 5 baadaye. Hajui nafasi, hajui kama mtuhumiwa yumo, wala hajui kama leo ni kesi au mazoezi. Anamnusisha mbwa, anamwachia bila kamba, anageukia ukuta. Kamba ni simu kati ya mkono na shingo. Kamera mbili zinarekodi, moja juu na moja usawa wa sakafu. Mwongoza mbwa anageuka na kutamka namba ya bomba, mbwa akiwa bado amelala. Asiyejua nafasi hawezi kumshawishi mbwa hata akitaka.

Safu mbili hufanywa, mpangilio tofauti. Kwa kubahatisha tu, mbwa angepata moja kati ya 7 kwenye safu ya kwanza, na mara mbili mfululizo ni moja kati ya 49, takriban asilimia 2. Hesabu hii ni ya bahati tupu. Haisemi lolote kuhusu uvujaji wa habari au watu wa kujazia waliochaguliwa vibaya, na anayeipeleka mahakamani kana kwamba inasema hivyo anapotosha.

Safu tupu ndiyo kipimo tunachokithamini kuliko vyote. Mabomba 7, mtuhumiwa yumo, lakini harufu aliyonusishwa mbwa ni ya mtu mwingine asiyekuwemo. Mbwa anatakiwa kurudi mlangoni. Akilala mbele ya bomba la mtuhumiwa, maana yake bomba hilo linamvutia kwa sababu zake lenyewe: jasho la hofu, tumbaku, upya. Matokeo yoyote ya awali dhidi ya mtu huyo yanafutwa. Kazi hii ni ngumu kufunza kwa sababu mbwa hupenda kumaliza kwa mpira, kwa hiyo kurudi mlangoni nako kunalipwa, mpira uleule.

Oktoba: joto na afya

Mbwa anayehema kwa mdomo wazi hanusi. Kunusa ni pumzi fupi fupi puani, kama mara tano kwa sekunde, na mwili ukianza kujipoza kwa kuhema hewa nyingi hupita mdomoni. Kwa Dodoma ya Oktoba na Novemba hii ina maana ya kazi kuanzia saa 12 hadi saa 3 asubuhi, chumba kisizidi nyuzi 25, na mapumziko ya dakika 15 kati ya safu. Feni haiwashwi mbwa akiwa kazini kwa sababu huhamisha harufu kutoka bomba hadi bomba. Chumba kinapozwa kabla. Hewa kavu nayo hukausha ute wa pua, basi maji hutolewa kila mapumziko na ndoo ya maji huachwa chumbani usiku ili kuongeza unyevu kidogo.

Joto la kawaida la mbwa ni nyuzi 38 hadi 39 na kidogo. Likifika 40 kazi inasimama. Likikaribia 41 ni dharura: maji ya kawaida mwilini, upepo, na daktari wa mifugo.

Kupe wa kahawia ni adui mkubwa kuliko joto. Ugonjwa wa ehilikia anaoueneza unaweza kuleta kutokwa damu puani, na pua iliyotoka damu haiaminiki mpaka daktari aseme. Kagua masikio na vidole kila jioni. Dawa nazo zina lao: metronidazoli, inayotolewa sana kwa kuhara, imeonekana kupunguza uwezo wa kunusa kwa baadhi ya mbwa. Aliyeitumia anapumzishwa siku 10 baada ya dozi ya mwisho, kisha anarudia vipimo.

Novemba: matokeo yanaenda wapi

Hakuna jalada la kesi lililoletwa hapa, na halitapokelewa kabla mbwa wote wawili hawajapita mfululizo wa safu tupu zitakazopangwa na watu wa nje ya mradi.

Fomu ya matokeo imeandikwa upya. Sentensi ya zamani ilikuwa "mbwa amemtambua mtuhumiwa." Mpya inasema: "Mbwa ameonyesha kulingana kwa harufu kati ya gozi namba fulani na bomba namba fulani." Tofauti ni kubwa. Harufu ya mtu kwenye kiti cha bodaboda inasema aliwahi kukikalia, labda kama abiria wa buku mbili kutoka Majengo hadi Makole. Haisemi lini, wala haisemi aliiba pikipiki. Panga huazimwa. Jembe hushikwa na ukoo mzima.

Mahakama za Afrika Mashariki ziliona hili zamani. Katika kesi ya Omondi, Kenya, 1967, mahakama ilionya kwamba ushahidi unaotokana na mbwa upokelewe kwa tahadhari, na kwamba kwanza kuwe na ushahidi wa jinsi mbwa alivyofunzwa na jinsi anavyoaminika. Texas, mwaka 2010, mahakama ya juu ya rufani za jinai iliamua katika kesi ya Winfrey kwamba gwaride la harufu peke yake halitoshi kumtia mtu hatiani. Kwa hapa kwetu, maoni ya mtaalamu yanapitia Sheria ya Ushahidi, Sura ya 6, na mnyororo wa utunzaji wa vielelezo lazima uandikwe mkono kwa mkono kama Mahakama ya Rufani ilivyoeleza katika kesi ya Paulo Maduka. Kwa hiyo kila chupa ina karatasi yake ya makabidhiano, na kila mbwa ana daftari lenye makosa yake yote. Wakili wa utetezi atapewa daftari zima pamoja na video zote, zikiwemo za siku ambazo mbwa alikosea. Atakayependekeza kukabidhi kurasa nzuri tu atolewe kwenye mradi.

Kazi zinazosubiri: vishikio vya sakafuni vibadilishwe, kwa kuwa skrubu mbili zimeanza kutu na kutu ina harufu, mfuniko wa chupa upimwe kama raba yake ya ndani inanuka baada ya mwezi mmoja wa joto, na kabla mvua za Desemba hazijaanza, safu tupu zirudiwe kwa harufu za umri wa mwezi, huku Tembe akitangulia Zabibu.